Sufuria za Harusi na Maharagwe ya Bukalasi

Mimi ni mpishi wa harusi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, mtaa wa Namakwekwe. Watu huniita Hajati ingawa Makka sijafika. Akiba ya safari nimeianza mara tatu, na mara tatu imeishia kwenye kuni na mafuta ya lori. Mabinti wa msikitini wananiuliza, "Hajati, ulijuaje kwamba Mungu anakutaka kwenye kazi hii ya kupikia watu wa maafa?" Nikianza habari ya sufuria wanaona nawatania.

Sufuria ninazo sita, za aluminiamu nzito, nilizinunua Katwe kule Kampala, moja moja, kwa miaka kama minne. Ile kubwa mtoto wa miaka mitano anaoga ndani akicheza. Nilikuwa simuazimi mtu. Jirani akija na tabasamu lake namwambia zimekodiwa, na huku anaziona zimepangwa nyuma ya mlango. Mwaka 2010, mlima Elgon ulipoporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi kule Bududa na kuzika mamia ya watu, nilitoa elfu tano kwenye sanduku la msikiti nikarudi kwenye biriani yangu.

Halafu ikaja Alhamisi ya tarehe 11 Oktoba 2018. Mvua ilinyesha juu, mto Suume ukashuka na mawe na magogo, ukapita katikati ya watu huko Bukalasi, Bududa ileile. Waliokufa walizidi arobaini. Kesho yake Ijumaa imamu akasoma Al-Maun, sura fupi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua na mimi nilikuwa naisoma kila siku kama mtu anayehesabu vifungo vya shati. Akaeleza kwamba hilo neno "maun", kuna masahaba waliolifasiri kuwa ni vyombo ambavyo watu huazimana: shoka, ndoo, sufuria. Alipotamka sufuria nilihisi msikiti mzima umenigeukia, na mimi niko nyuma ya pazia upande wa wanawake.

Huo ndio wito wangu. Hakuna ndoto, hakuna sauti usiku. Dada yangu aliniambia niswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, siku saba kwanza. Mwingine, msomi, akaniambia nitafute cheti cha mambo ya majanga. Mimi niliishia P7, darasa la saba. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenigharimu, akasema kusanya nguo, watu wa mafuriko wanahitaji nguo. Nikazikusanya kwa siku mbili. Katika yale magunia kulikuwa na shela la bibi harusi, suti ya mtu mnene sana, na viatu vya kisigino kirefu, vya mguu wa kushoto tu. Mtu aliyekosa nyumba ukampe shela! Usikusanye nguo kama hujaulizwa.

Jumatatu nikapakia sufuria tatu, gunia la maharagwe, posho (unga wa mahindi), chumvi, vitunguu na kuni. Lori lilikula kama laki tatu hivi, mafuta mbali. Tulipopita Bukigai barabara ikawa sabuni, dereva akagoma. Vijana wakabeba. Ile sufuria kubwa waliigeuza juu chini, wanne wakaingia kichwa chini yake, na mvua ilipoanza wao ndio walikuwa wakavu. Kutoka nyuma ungedhani kobe mkubwa anapanda mlima kwa miguu minane.

Maharagwe nilikuwa sijayaloweka. Niliona aibu kulieleza hili kwa miaka mingi, lakini sasa nalisema. Mtu niliyepikia harusi za watu mia sita, sikuloweka maharagwe. Nilijiambia moto mkali utamaliza kila kitu. Kuni zikawa zimelowa njiani, mkaratusi mbichi unaolia machozi na kutoa moshi tu. Na mlimani maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha, kwa hiyo unaona povu unafurahi, kumbe punje ndani bado ni changarawe. Tuliinjika saa tano asubuhi. Adhuhuri, mawe. Watoto wamekaa na vikombe vya plastiki mkononi, hawasemi kitu, wananiangalia tu. Nilikwenda kuswali Alasiri kwenye darasa la P3 la shule ya hapo, shule ya kanisa, na katekista akanilindia mlango kuku wasipite mbele yangu. Nilirudi, nikabonyeza punje, mawe. Nikaomba dua nyingi kuliko za Ramadhani. Giza lilipoingia nikapakua hivyohivyo kwa sababu watu walikuwa na njaa, na usiku ule matumbo ya watoto yalinguruma mpaka nikayasikia kutoka nilikolala.

Asubuhi mzee mmoja akaja na fimbo yake. Nikamwamkia "Mulembe, Mzee," akaitikia vizuri, akakaa juu ya gogo, akatazama ndani ya sufuria kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, ahsante. Lakini mawe tulikuwa nayo ya kutosha."

Nilicheka mpaka nikalia. Hakukuwa na ubaya ndani yake hata kidogo. Wajukuu zake wawili hawakuwa wamepatikana bado.

Nyumbani mume wangu aliuliza kama nimetosheka. Nikamwambia nitarudi nikijua kupika. Alidhani ni hasira.

Mbale yenyewe ilipofurika usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ikapita kingo, sikuhitaji lori. Nilihitaji maji, maana mabomba yaliharibika na mfereji ukakauka siku nyingi. Hapo ndipo ilinibidi nifikiri. Mama mkwe wangu ni Mganda, na Mganda akifunga ndizi zake kwenye majani ya mgomba, anakula saa nane chakula cha asubuhi na bado mdomo unaungua. Nikajiuliza, kwa nini maharagwe yasilale hivyo?

Sasa nawapa siri, wapishi wenzangu msinicheke. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji. Yainjike alfajiri na maji mapya, yachemke kwa nguvu kabisa, nusu saa, usiibe hata dakika, kwa sababu maharagwe ambayo hayajachemka barabara yanaumiza watu. Ziba ukingo wa mfuniko kwa unga wa posho uliokandwa, mvuke usipate pa kutokea. Funika majani ya mgomba, kisha blanketi mbili, kisha iweke sufuria ndani ya kreti kubwa la mbao na ujaze makapi ya kahawa pande zote, chini na juu. Sisi Bugisu makapi yanatupwa tu kwenye viwanda, ukiomba unapewa na unashukuriwa. Jirani yangu alipita akasema, "Hajati anafunika maharagwe kama mgonjwa wa malaria." Jaribio la kwanza yalitoka nusu. La pili nikabadilisha blanketi. La tatu nilifungua baada ya saa sita, nikaunguza kidole, na nikapiga kigelegele peke yangu uani.

Kwa hiyo Novemba 2024, mlima ulipoporomoka usiku Bulambuli na kuzika nyumba huko Buluganya, mimi nilipika nikiwa Namakwekwe na lori likamalizia kazi barabarani. Safari hii nilimtanguliza kijana na boda aende kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na kwa wale wa Msalaba Mwekundu awaulize wanataka nini. Wakasema chakula kilichoiva, na sabuni. Hawakutaja nguo. Kina mama wa kanisa walinipokea sahani, tukapanga mistari. Kila kaya niliipa kizibo cha soda, rangi moja kwa mlo mmoja, mtu asipange foleni mara mbili na mtoto asirudishwe. Vizibo ni bure, nenda baa yoyote. Ndiyo, mimi Hajati niliokota vizibo mlangoni mwa baa, na shekhe mmoja aliniona.

Nilipong'oa ule unga mfunikoni mvuke ulitoka ukafunika uso wangu wote. Bibi mmoja hakungoja sahani. Aliingiza vidole, akachukua punje moja, akaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, ikapasuka kama siagi. Akaitia mdomoni, akafumba macho. Kisha akaniuliza kama chumvi imekwisha Mbale.

Kweli nilikuwa nimesahau chumvi.

Siku hizi sufuria naziazima. Nina daftari, jina na simu, na unarudisha ikiwa imesuguliwa kwa mchanga. Isipokuwa zile mbili za safari, hizo zinakaa na kreti lake la makapi kuanzia mvua za Machi mpaka Desemba, hata ukiwa na harusi ya mtoto wa waziri. Ya tatu ilichukuliwa Jumamosi kwa matanga na haijarudi. Aliyeichukua anajijua.