Test ya udereva: nilivyoiweka sawa indiketa mpaka nikapita

Nimepita test ya barabarani na upande wa indiketa mtahini hakunikata alama hata moja, na kwa kuwa najua wengi wanaangushwa hapohapo nimeona niandike nilivyofanya, huenda kuna mtu itamsaidia.

Nilianza na mkono kabla ya barabara. Gari limepaki, nimekaa kwenye usukani, mwalimu ananitajia tu kulia, kushoto, kushoto, kulia, na mimi nasukuma kijiti cha indiketa bila kukiangalia. Alinionyesha kitu kimoja kizuri sana, kwamba kijiti kinaenda kulekule ambako mkono wa upande huo ungeenda ukikata usukani, kwahiyo hukai unawaza ni juu au chini, unakisukuma kwa vidole na mkono haubanduki. Ila hakikisha unajua gari utakalofanyia test kijiti kiko upande gani, mengine kiko kushoto mengine kulia, ukibadilishiwa gari ghafla unajikuta umewasha waipa.

Halafu mpangilio. Kioo cha ndani, saidi mira ya upande ninaoenda, indiketa, nageuza kichwa kuchungulia pale begani ambapo kioo hakipaoni, ndio naugusa usukani. Nilikuwa nayasema kwa sauti kila kona, "kioo, kioo, indiketa, bega", mpaka yakawa yanakuja yenyewe. Kioo kinatangulia kwasababu lazima ujue unayempa taarifa yuko wapi, unaweza kuwasha kumbe pikipiki ishafika ubavuni, na indiketa haikupi haki ya kupita, inasema tu unataka kwenda wapi, kumpisha mtu kuko palepale.

Sasa muda wa kuwasha, hapa ndio penyewe. Watu wanafundishwa "washa mapema" wanaishia hapo, lakini mapema kupita kiasi ni hatari kama kuchelewa. Kwenye test yangu niliambiwa nikate kushoto njia ya pili, na pale njia ya kwanza kulikuwa na gari limesimama linasubiri kutoka. Ningewasha kabla, yule dereva angeamini naingia kwake, angetoka akaja mbele yangu. Nikaangalia vioo, nikapunguza mwendo, nikaacha pua ya gari ifike usawa wa ile njia ya kwanza ndio nikawasha, na yule dereva akabaki palepale mpaka nikapita. Nilifurahi kweli, maana hiyo ndio kazi ya indiketa, mtu mwingine aisome vizuri!

Raundi abauti ni vilevile, ukishaipita ile njia ya kutokea iliyo kabla ya yako unawasha ya kutokea, usingoje mpaka unakata.

Kuzima nako kunasahaulika sana. Kona kali usukani ukirudi inazima yenyewe, lakini ukihama leni usukani haujazunguka vya kutosha, inabaki inawaka na wa nyuma wanaendelea kudhani unakata. Kwahiyo kila nikimaliza natega sikio kwenye tik tik na natupia jicho ule mshale wa kijani kwenye dashibodi. Hata Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usalama barabarani unataka hivyohivyo, ishara iwe wazi na ya kutosha kabla hujageuka, iendelee mpaka umalize, halafu ikome. Kuna magari ukigusa kijiti kidogo inapiga mara tatu inazima, mimi sikuitegemea, taa zenyewe kwa kawaida zinapiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, maana yake mara tatu ni kama sekunde mbili hivi, mtu wa nyuma akipepesa macho imempita. Nilikuwa nasukuma mpaka mwisho halafu nazima mwenyewe.

Kupaki pembeni na kuondoka tena pia vinahesabiwa, mwenye haraka anawasha wakati wa kusimama tu, akiondoka anatoka kimyakimya.

Na asubuhi ya test zunguka gari taa zinawaka, zote, mbele na nyuma. Ukisikia tik tik inaenda harakaharaka kuliko kawaida, magari mengi hapo kuna balbu imeungua, waambie waibadilishe kabla mtahini hajapanda.