Sufuri ya Swali la Magoti

Dani, kama Wajaluo wanavyomwita bibi, aliingia saa nne asubuhi, mkongojo ameubana kwapani badala ya kuuegemea. Hiyo ilikuwa Kisumu, mwaka 2016, nami nilikuwa mwanafunzi wa tibamaungo (fiziotherapia) niliyetumwa hospitalini kwa mafunzo. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu abadilishiwe goti la kulia. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ilikuwa imelika, mfupa ukasaga mfupa, hadi akaacha kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye kwa sababu kutoka steji hadi kibandani kulikuwa kumemshinda.

Faili lake nilikuwa nimelisoma. Eksirei ilionyesha goti bandia limekaa sawasawa, na chini yake yameandikwa maneno mawili: anaendelea vizuri.

"Vizuri kwa nani?" mkufunzi wangu aliniuliza, akanipa karatasi ya maswali 12.

Maswali hayo yalitungwa Oxford, yakachapishwa 1998. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, jumla 48, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo goti linavyomsumbua mtu kidogo. Kule Uingereza, tangu 2009, hospitali za umma huwauliza wagonjwa maswali ya namna hii kabla ya upasuaji na baada yake. Mkufunzi alitueleza sababu, na haijanitoka: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti jipya, hata pale ambapo picha haina kasoro. Eksirei haijui kama umelala usiku.

Nilianza na kipimapembe. Goti lilikunjika nyuzi 110. Nikafurahi. Kisha maswali, nikiyatafsiri kutoka Kiingereza papo hapo, jambo ambalo leo nisingelifanya, maana neno likibadilika kidogo na jibu hubadilika. Je, katika wiki nne zilizopita, maumivu ya usiku? Hakuna. Kuoga na kujikausha? Bila shida. Kupanda gari? Alicheka, akasema siku hizi anapanda hata bodaboda. Kushuka ngazi kulitukwamisha, kwa sababu nyumba yake haina ngazi. Tulitafuta hadi akakumbuka zile za kanisani.

"Daktari," aliniambia (nilikuwa mbali na udaktari, lakini wazee wetu huita hivyo kila aliyevaa koti jeupe), "mimi omena naipima kwa kopo la gorogoro. Wewe goti langu unalipima kwa maneno?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, Dani, kwa maneno yako, maana mwenye goti ni wewe.

Swali la saba: je, uliweza kupiga magoti na kuinuka tena?

Hapo alinyamaza. Alivuta leso yake juu ya lile kovu refu, akalikanda kwa kidole gumba. "Hilo nilikatazwa," alisema. "Nikipiga magoti chuma kitachomoka. Kanisani wenzangu wanapiga magoti, mimi nakaa kwenye benchi kama mgeni."

Aliyemkataza hakumkumbuka. Pengine hakuna aliyemkataza. Alichokuwa nacho ni ganzi upande wa nje wa kovu, jambo la kawaida baada ya upasuaji huu, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa. Yeye aliichukua kuwa dalili ya hatari, na kwa miezi 12 hakuna aliyemuuliza.

Nilitoka kumtafuta daktari wa upasuaji. Alitazama picha tena, akalibonyeza goti, akasema halina kizuizi chochote, ajaribu polepole.

Tulitandika mkeka, juu yake mto. Dani alishika kiti kwa mikono miwili, akatanguliza goti la kushoto, lile zima. Goti la kulia lilibaki hewani muda mrefu. Niliona paja likitetemeka chini ya leso. Kisha likashuka, likagusa mto. Alibana macho akisubiri kitu kivunjike. Hakikuvunjika kitu.

"Ni kama ngozi ya mtu mwingine," alisema. "Lakini haliumi."

Alikaa vile hadi nikaanza kuhofia kuinuka kwake. Aliinuka mwenyewe, akiegemea kiti.

Nilijumlisha: 37. Kabla ya upasuaji karatasi yake ilikuwa na 11. Alinyoosha shingo kutazama, akaona mahali pa swali la saba.

"Sufuri? Si umeniona kwa macho yako?"

Kalamu ilikuwa mkononi, na nilitamani kubadilisha. Nilimweleza kwamba swali linauliza wiki nne zilizopita, na katika wiki hizo hakupiga magoti hata mara moja. Nikiandika la leo nitakuwa nimejaza gorogoro kwa mkono. Alinitazama kitambo.

"Basi hesabu wiki nne kuanzia leo," alisema. "Uandike tarehe hapo juu, nami nitarudi."

Niliandika tarehe. Mkongojo aliusahau umeegemea ukuta, nikamkimbiza nao hadi langoni.