Kidole cha pete cha Altaïr

Kwenye gemu la Assassin's Creed ya kwanza, ile ya mwaka 2007, kuna kitu wachezaji wengi hukipita bila kukiangalia: mkono wa kushoto wa Altaïr, muuaji wa siri unayemchezesha, hauna kidole cha pete. Kimekatwa makusudi. Kisu cha siri kimefungwa ndani ya kikuku cha mkono, na kikifyatuka hupita palepale kilipokuwa kidole. Ukitaka kubeba silaha hiyo, unalipa kwa kiungo, na ukishalipa huna tena pa kurudi.

Mimi hapo ndipo gemu hili liliponinasa. Mapanga yamejaa kila gemu. Silaha inayomdai mwenye nayo sehemu ya mwili wake kabla haijaua mtu, hiyo sikuwa nimeiona.

Halafu mwaka 2009 ikaja ya pili, na Ubisoft, kampuni inayotengeneza gemu hizi, wakakirudisha kidole. Ezio, kijana wa Florence ambaye baba yake na kaka yake na mdogo wake wamenyongwa mbele ya umati, anampelekea Leonardo da Vinci kisu kibovu cha marehemu baba. Leonardo anakitengeneza, kisha anamwambia kwa uso mkavu kwamba kidole lazima kitoke. Ezio anaweka mkono mezani. Kisu cha bucha kinashuka, kinapiga mbao, Leonardo anacheka: muundo umeboreshwa, siku hizi hakuna wa kukatwa. Mzaha mzuri, nakubali, ila kuanzia pale kisu kikageuka kifaa tu. Kikaongezwa sumu, kikaongezwa hadi bunduki ndogo.

Jibu la kwa nini kidole kilikatwa lilichelewa hadi 2017, kwenye Origins, gemu jingine la mfululizo huu. Misri ya Cleopatra, Bayek wa Siwa anasaka watu anaowadai damu ya mwanawe Khemu. Kisu amepewa na mkewe Aya, na inasemwa ndicho kilichomuua Xerxes, mfalme wa Uajemi, mwaka 465 kabla ya Kristo. Ndani ya hamamu Aleksandria anakabana na Eudoros, mmoja wa anaowasaka, kisu kinafyatuka ngumi ikiwa imekunjwa, kidole kinakwenda. Ajali! Waliomfuata ndio waliokuja kukata vya kwao kwa heshima, na zaidi ya karne kumi baadaye Altaïr anakatwa kama vile ni sheria iliyoshuka na kitabu.

Wapo waliochukia maelezo haya. Mimi nayapenda kuliko yote, maana mila nyingi za ukoo wetu ukizifuatilia sana unakuta babu mmoja alijikwaa mahali.

Kwenye historia yenyewe, wauaji wa gemu hili wametokana na Wanizari, Waislamu wa Kishia wa ngome za Alamut (Uajemi) na Masyaf (Syria), na hao hawakuwa na kisu cha springi. Walibeba jambia la kawaida. Kilichofichwa kilikuwa mtu mwenyewe: aliyemuua Nizam al-Mulk, waziri wa dola la Waseljuki, mwaka 1092 alikuja amevaa kisufi, na waliomuua Conrad wa Montferrat, kiongozi wa vita vya msalaba, kule Tiro mwaka 1192 walijifanya watawa. Mara nyingi muuaji hakukimbia, alifia hapohapo. Paa za kurukia na lundo la nyasi kavu la kutulia ni mambo ya gemu. (Na Wanizari wenyewe si watu wa hadithini. Ni hawahawa Waismailia wa Aga Khan, majirani zetu hapa Upanga, Dar es Salaam. Ukitafuta upanga kwao utaishia kuoneshwa hospitali na shule.)

Tuje kwa Eivor, shujaa wa Kiviking wa Valhalla, gemu jingine la mfululizo huu, ambaye anakivaa kisu juu ya mkono, wazi kabisa, eti adui akione kinavyokuja. Mdogo wangu anasema huo ndio uanaume, hata pale Eivor anapochezwa kama mwanamke. Nimemwambia kisu cha siri kinachoonekana ni kisu tu, aache pedi yangu ya gemu, akamalize Origins kwanza ndipo tubishane.