Simbi moja kwenye siki ya Moshi

Nilitoka Tanga na ndoo ya changu na tasi, barafu juu, mfuniko nimeufunga kwa kamba. Binti yangu amejifungua Moshi, na mama wa pwani haendi kwenye uzazi mikono mitupu. Kondakta alinitoza elfu tano kwa ndoo hiyo, mbali na nauli, kisha akaisukumiza kwenye buti. Same tulikaa zaidi ya saa nzima mkanda wa injini ukibadilishwa, na jua la Same mnalijua. Moshi nikafika na samaki wa kumwaga. Sokoni nilitafuta wengine wa kufidia, nikatajiwa bei ya changu mmoja ambayo kwetu Tongoni napata mtungo mzima. Iliniuma mno.

Siku tatu zikapita kwa kubeba mtoto na kupika uji. Siku ya nne ndiyo iliyonifanya niandike.

Kilichosalimika mkobani ni simbi, yale makombe madogo yanayong'aa, nilizookota ufukweni nimtungie mjukuu. Mzee wa nyumba ile, baba wa mume wa binti yangu, alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu. Alizigeuzageuza kiganjani akaniuliza, "Mkwe, chaza na kome bado mnapata?" Nikamwambia tunapata, ila si kama zamani, na kila mtu ana sababu yake: baruti, kokoro, lile joto la mwaka 1998 lililoyapausha matumbawe. Hakubisha. Aliagiza siki jikoni, akaimimina kwenye glasi, akaniomba simbi moja.

Viputo vikaanza kuizunguka papo hapo, vidogo kama vya soda. Tuliiacha ilale humo. Asubuhi nilipoitoa, mng'ao wote ulikuwa umekwisha. Nilipoipangusa, unga mweupe ukabaki kidoleni.

"Bahari si siki," akaniambia, "wala haitakuwa siki." Akanieleza taratibu. Moshi wa viwanda na magari una hewa ukaa, na takribani robo yake humezwa na bahari. Ikichanganyika na maji hutoa asidi, ile ile iliyomo kwenye soda. Tangu Ulaya ianze viwanda, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari, ambacho kikishuka ndipo asidi inapanda, kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Nilidhani ni kidogo. Akasema kwa jinsi kipimo hicho kilivyo, ukali umepanda kwa zaidi ya robo. Chaza, kome na matumbawe hujijengea nyumba kwa chokaa iliyomo majini, na asidi huwapunguzia malighafi hiyo. Anayeumia kwanza ni mtoto wao, asiyeonekana hata kwa macho.

Akanipa mfano wa Marekani. Miaka ya 2007 na 2008, vituo vya kuzalisha chaza huko Oregon na Washington vilishuhudia vichanga vyao vikifa kwa mamilioni. Walidhani ni vijidudu, kumbe ni maji yenyewe waliyokuwa wakiyavuta kutoka baharini. Siku hizi wanayapima kwanza, na yakiwa makali wanayatia magadi.

Magadi! Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni pale pale, na bonge la magadi juu ya kabati. Kwenye matangi inawezekana. Bahari ya Hindi utaitia magadi kiasi gani?

Hapo ndipo nilipokosa raha. Mwenye baruti tunamsikia mlio, tunapiga simu, doria inatoka. Mwenye kokoro tunaijua mpaka nyumba yake. Huyu wa hewa ukaa yuko nchi ambazo sisi wachokoa pweza hatutazikanyaga, na bado tumbo litakalolala njaa ni letu. Mwalimu alinionyesha Kilimanjaro kutoka uani, akasema utotoni mwake theluji ilikuwa kubwa kuliko ile. Huenda hewa hiyo hiyo nayo ina mkono, alisema. Nilimwonea huruma naye.

Kurudi nililipa nauli tu, ndoo ilikuwa tupu.

Bamvua ya kwanza, maji yanapokupwa sana, tulipotoka na wenzangu kuchokoa pweza, niliifungua ile simbi kwenye kona ya kanga. Shoga yangu aliipitisha kidole, akautazama ule weupe. Akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia hapa hapa, kabla sijasafiri, na ilikuwa inang'aa.