Saa moja nyeusi, na ile miezi 12 nisiyoambiwa

Wengi mwaniuliza inboksi ile kesi yangu na polisi imefika wapi, nami kila siku najibu "bado", "bado", mpaka neno lenyewe limechuja. Wacha niandike mara moja yatoke yote.

Kwa wasiojua. Alhamisi moja usiku nlikuwa nafunga duka, ni hili hili la makava na protekta za simu, nshazima taa ya nje, kufuli ya kwanza nshaifunga, ya pili ufunguo umo ndani naizungusha, ndo likasimama gari la polisi pale kwa muuza viazi karai. Vijana waliokuwa wamekaa barazani wanakula wakatawanyika wote, muuza viazi mwenyewe akapotea nsijue kaingia wapi, nikabaki mie na kufuli yangu na karai la mafuta linachemka peke yake. Afande akaniambia panda. Nikamuuliza kwa kosa gani afande. Sasa hilo swali Katiba yetu ya Kenya yasema nijibiwe upesi na kwa lugha naielewa, kifungu cha 49, kasomeni. Jibu nililopata ni kofi, kisha mkono wa kushoto ukapindwa nyuma mpaka bega likalia kama mtu anavunja muwa.

Kituo sikitaji, kesi iko kortini na wakili wangu hupitia hapa (salamu wakili, nimejichunga).

Pale kaunta kulikuwa na afande mama mmoja mtu mzima, mpole kabisa, miwani imeshuka puani. Akanambia vua mshipi, toa kamba za viatu, toa vilivyo mfukoni, kisha akaviandika kimoja kimoja kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, akanisomea nitie saini: simu moja, pochi moja yenye shilingi 2,340, mshipi mmoja, saa moja nyeusi. Wallahi na bega lile linavyouma nlicheka kimoyomoyo, saa moja nyeusi, utasema ni saa moja ya usiku wakati stima imepotea. Pembeni akatia tarehe na wakati, 2150. Hiyo 2150 iwekeni akilini.

Nikalala ndani Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ya seli siyasimulii, harufu mnaijua au mtasimuliwa. Jumatatu nikafikishwa mbele ya hakimu, shtaka ni kuzua fujo kwa namna ya kuweza kuvunja amani, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo ukifungwa sana ni miezi sita. Na Katiba hiyo hiyo 49(2) yasema kosa la faini tupu au la kifungo kisichozidi miezi sita mtu hawekwi rumande! Mie nshalala siku nne. Na karatasi ya mashtaka imeandikwa nilikamatwa Ijumaa saa tatu usiku.

Ijumaa. Mnaijua ile kamatakamata Friday, unashikwa jioni ya Ijumaa ili korti ifungue Jumatatu wewe ushalainika na watu wako washatafuta pesa. Basi wangu hata hawakungoja Ijumaa ifike, walinishika Alhamisi wakaiita Ijumaa.

Bondi nikatolewa, mamangu na shemeji walisimama. Jumanne ndo nikaenda hospitali, na hapa nakiri ujinga wangu, nlienda kwa sababu bega lilikataa kuinua shata ya duka, sikuenda kwa ajili ya ushahidi. Daktari akaandika kuwa kuna uvimbe na kwamba mgonjwa anadai alipigwa. Anadai. Laiti ningeenda Jumatatu ile ile nikitoka kortini na alama za pingu bado mbichi mkononi, angeandika alichokiona, lakini nlienda nyumbani kuoga na kulala, nani angefanya vingine? P3 nayo, ile fomu ya kuthibitisha majeraha, karatasi yake yajazwa na polisi kwanza ndo daktari, kwa hivo ukipigwa na polisi waenda kumuomba polisi akuandikie barua ya kuthibitisha umepigwa na polisi. Nlienda kituo cha mbali na kile cha kwanza nikaandikishiwa huko, haikuwa shida kubwa, ila nlijihisi kama mtu anaenda kumshtaki mume kwa wakwe.

Kesi ya jinai ikaenda miezi 14. Shahidi hayuko, faili haionekani, afande aliyenikamata kahamishwa kaunti nyingine, hakimu kaenda likizo. Sikuwa na wakili, nlijitetea mwenyewe. Afande alipokuja hatimaye akaapa kuwa ilikuwa Ijumaa, nikasimama nikasema mheshimiwa naomba OB iletwe. Sikuwa na ujanja wowote, nlikumbuka tu yule mama na miwani yake. Ikachukua tarehe tatu nyingine kuletwa, kitabu kikubwa kimefungwa kwa kamba, na ukurasa ukafunguliwa, na palepale pameandikwa simu moja, pochi moja, mshipi mmoja, saa moja nyeusi, Alhamisi, 2150. Mwendesha mashtaka alitazama chini. Tarehe iliyofuata hakimu akasema hakuna kesi ya kujibu, nikaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Hiyo 210 ni nzuri, si kama 87(a) ambapo mashtaka yanaondolewa tu na wanaweza kukurudia na mashtaka yale yale.

Nikatoka pale kifua mbele nikaenda moja kwa moja kwa wakili, nataka kushtaki. Dada mmoja mkali, ofisi ghorofa ya tatu lifti haifanyi. Akasoma karatasi zote, akanyamaza, kisha akaniuliza,

"Kaka, kwa nini hukuja mapema?"

"Nlikuwa nangoja kesi iishe."

Akavua miwani akasema kila anayekuja pale humwambia hivo hivo.

Sikizeni hapa vizuri, ndo sababu naandika. Jirani yako akikupiga una miaka mitatu ya kumshtaki kwa madai. Akikupiga askari yuko kazini, anayeshtakiwa ni serikali kupitia Mwanasheria Mkuu, na hapo kuna sheria ya tangu zamani, Cap 39, inayokupa miezi 12 peke yake. Na hiyo miezi haikungoji umalize kesi ya jinai. Madai ya kupigwa yanahesabiwa tangu siku ya kupigwa, ya kufungiwa bure tangu ulipotolewa. Mie kesi yao imekula miezi 14! Yaani nlikuwa nakaa kwenye benchi la korti nangoja jina langu liitwe, na huku haki yangu yaoza mkononi, na hakuna hata karani mmoja aliyeninong'oneza. Si kazi yake najua, lakini jamani.

Kilichobaki hai kwenye madai ya kawaida ni moja, kushtakiwa kwa nia mbaya, kwa sababu hilo saa yake yaanza ukiachiliwa. Nikafurahi, nikadhani basi nimeshinda, si nimeachiliwa. Akanikata maneno. Kuachiliwa hakutoshi, majaji wameshasema hilo mpaka wamechoka. Yabidi uonyeshe ni wao walioanzisha mashtaka, yakaisha kwa upande wako, hawakuwa na sababu ya maana ya kukushtaki, na nia yao ilikuwa mbaya. Hiyo ya nne ndo inazamisha watu, utaiona vipi nia ya mtu? Lakini mtu aliyeibadilisha Alhamisi ikawa Ijumaa, alisema wakili huku akigonga kidole kwenye nakala ya OB, huyo kajieleza mwenyewe.

Nikamuuliza kwani walibadilisha kwa nini, si hesabu ni ile ile, maana mie nshazipiga hesabu: masaa 24 ya Alhamisi usiku yaisha Ijumaa usiku, korti imefungwa, na Katiba yasema yakiisha korti imefungwa basi mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Kwa hivo hata Alhamisi wangekuwa ndani ya sheria. Akacheka akasema watu wote huruka maneno ya mwanzo. Kabla hujafika kwenye 24 imeandikwa ufikishwe kortini mapema kadiri iwezekanavyo. Ijumaa korti ilikuwa wazi kutwa nzima. Ukisema nilimshika Ijumaa usiku, hiyo Ijumaa mchana inapotea, hakuna wa kukuuliza uliifanyia nini. Siku nzima ya mtu imefutwa kwa neno moja la kalamu.

Kwa hayo mengine, kofi, bega, siku nne, tukaenda njia ya petisheni ya Katiba, Mahakama Kuu. Huko ile miezi 12 haikufungi, ila jaji anaweza kukuuliza ulikuwa wapi siku zote na uwe na jibu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa Nyayo House, lile jumba la serikali Nairobi, enzi zile za Moi, miaka mingapi imepita hapo, kwa hivo mlango upo. Na kufungua petisheni ya haki zako hakulipiwi ada, kifungu cha 22, imeandikwa kabisa. Fotokopi ndo hazijaandikwa, na hati za kiapo, na wakili naye ana watoto. IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, pia nilipeleka malalamiko, hiyo ni bure na naishauri, lakini wao wanachunguza wamfikishe afande kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, fidia yako wewe waitafuta kortini.

Haya, tuseme nishinde. Hapa kuna kichekesho. Ukimshinda mtu wa kawaida asilipe, dalali aja kubeba sofa. Ukiishinda serikali dalali hana pa kugusa, sheria imekataa mali ya serikali isishikwe, kwa hivo ondoeni ile picha (nlikuwa nayo) ya Land Cruiser ya kituo inavutwa na mbuyu wa mtu aitwa Otieno Auctioneers au sijui nani. Wachukua cheti cha amri, wapeleka, wangoja, wasipolipa wafungua kesi NYINGINE ya mandamus ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe, asipolipa ndo waomba aitwe kwa kudharau korti. Yaani kesi ya kukulipa kesi. Kenneth Matiba, yule mwanasiasa aliyempinga Moi, na alikuwa Matiba, si muuza makava, alipewa milioni 504 mwaka 2017 kwa yaliyomfika akiwa kizuizini 1990, akafa Aprili 2018 hajaiona.

Na kinachonikera zaidi ya yote ni kuwa yule afande halipi kitu. Inalipa hazina. Hazina ni nani? Kila protekta ninayobandika nimeinunua na ushuru ndani yake. Kwa hivo nikilipwa nitakuwa nimejilipa, na wewe umenichangia, na yeye yuko huko kaunti alikohamishwa anamwambia mtu mwingine panda. Wakili asema jaji anaweza kusema afande abebe mwenyewe, lakini hanishauri nitie tamaa, mshahara wa konstebo utamfuata mpaka lini. Sawa. Ningependa tu aitwe, akae pale mbele aulizwe Ijumaa hiyo aliiona wapi.

Jambo la mwisho, risiti. Fidia ya maumivu jaji hukadiria, lakini kitu kilichovunjwa au kupotea lazima ukitaje kwa bei na uthibitishe. Miguna Miguna, yule wakili mwanasiasa, mwaka 2018 alipewa milioni 7 kwa haki zake kuvunjwa, na kando yake shilingi 270,000 kwa nyumba yake iliyoharibiwa polisi walipoivamia kumkamata. Kando, kwa hesabu yake. Sasa mie nlipotoka Jumatatu ile nilirudishiwa simu, pochi (shilingi 2,340 zikawa 340, tusiongee) na mshipi. Saa hapana. Nikarudi mara mbili, yule mama hayuko, naambiwa zamu ile haijaingia, store imefungwa, njoo kesho.

Nikamwambia wakili tuitie kwenye petisheni. Akasema kaka, saa ya shilingi 1,500, ya kununua Mwembe Tayari juu ya turubai, hatuna risiti, jaji atatuona wapuuzi, tuiache. Nikakataa, nikamwambia iandike tu, aya ya mwisho. Akaandika huku anatikisa kichwa.

Majibu ya wakili wa serikali yalikuja baada ya miezi mitatu. Wamekana kofi, wamekana bega, wamekana siku nne, wamekana karibu kuwa mie nipo duniani. Nikafika aya ya mwisho. Wasema saa haikupotea, ilipokelewa na kuhifadhiwa kituoni ipasavyo, kama inavyoonekana kwenye OB, na wameambatisha ukurasa. Wenyewe. Alhamisi, 2150.

Wakili alinipigia usiku, sijawahi kumsikia akicheka vile. Kesi yatajwa tena mwezi ujao. Saa bado sijarudishiwa.