Ng'ombe wa babu

Jumapili jioni, Kondoa

Leo asubuhi nilikaa kwenye ukingo wa korongo lililo chini ya nyumba ya babu. Nyasi zimeshika kingo zote mbili, miyombo imeota mpaka ndani, na huko chini mchanga umetulia, umeshikwa na matete. Mama alikulia hapa. Anasema enzi za utoto wake palikuwa udongo mwekundu mtupu. Mvua kubwa ikinyesha juu mlimani, watoto waliitwa haraka watoke korongoni, maana maji yalikuja yakinguruma na kubeba hata mawe.

Zamani nilidhani ng'ombe huharibu nchi kwa kumaliza majani. Babu anasema kazi kubwa hufanywa na kwato. Kundi likipita njia ileile kila siku kwenda kunywa, ardhi inashindiliwa mpaka inakuwa ngumu kama sakafu. Mvua haizami tena, inateremka na ile njia. Mwaka huu ni mfereji, miaka michache baadaye ni korongo. Pale wanaponywea, ukingo unabomoka, mto unatanuka, kina kinapungua, maji yanabaki tope na kinyesi. Mchanga wote wa mlimani huishia kwenye mashamba ya watu wa bondeni. Ng'ombe hawakuwa peke yao, niseme ukweli. Vichaka vilifyekwa tangu enzi za mkoloni kufukuza mbung'o, na majembe yakapanda mpaka kwenye miteremko mikali.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee hapa bado wanauita HADO, ulianza 1973 kwa makinga maji na miche ya miti. Mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256.

Babu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne.

"Niliwaswaga siku tatu, mjukuu wangu, mpaka kwa shemeji yangu kule tambarare," aliniambia. "Nikarudi na fimbo."

Nilitaka kumuuliza zaidi nikashindwa. Bibi ndiye aliyeendelea: maziwa yakawa ya kuomba, samadi ikaisha shambani, posa zikawa ngumu kwa sababu mahari ya ng'ombe ilikuwa mbali. Ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani waliruhusiwa miaka kumi baadaye, 1989.

Lakini majani yalirudi, na hilo siwezi kulikana nikiwa nimekaa juu yake. Kinachonisumbua ni wale kumi na wanne. Hawakuacha kunywa maji. Babu alipokwenda kuwatazama, alikuta kijito cha shemeji kimeanza kupasuka kingo, vilevile kama cha kwake. Mwaka 2006, wafugaji wa bonde la Usangu, kule Mbeya, walipoondolewa na mifugo yao ili kuunusuru mto Ruaha Mkuu, nilimfikiria babu na ile fimbo yake. Kule nako mashamba ya mpunga yalikuwa yanavuta maji ya mto, ila aliyefunga safari ni mwenye ng'ombe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mfugaji akiambiwa akae mbali na mto, achimbiwe lambo, ajengewe birika la kunyweshea huko mbali anakoambiwa akae, na aulizwe yeye njia ya ng'ombe ipite wapi. Vinginevyo tunahamisha korongo kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Jioni nimechota ndoo mbili nikampelekea ng'ombe wa babu bandani, huyu mmoja chotara aliyebaki naye. Babu alisimama mlangoni na mundu wake, majani aliyokata yakiwa bado begani, akamwangalia akinywa mpaka ndoo ya pili ikaisha.