Kipepeo mmoja, majina matatu

Nimekesha nikifuatilia jina la kipepeo mdogo. Anaishi Otay Mountain, kusini mwa Kalifonia, karibu na mpaka wa Meksiko, na viwavi wake wanakula mti mmoja tu, msaiprasi wa Tecate. Alipoelezwa kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliitwa Mitoura thornei. Wengine wakamhamishia jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Callophrys, akawa Callophrys thornei. Kuna wanaomshusha zaidi: Callophrys gryneus thornei, yaani nususpishi tu, tawi ndani ya spishi ya jamaa yake anayekula miti ya mireteni.

Ukimtazama yeye na jamaa yake huyo chini ya mbawa, utawaelewa wabishi wote. Rangi ni ya mkangazi, mstari mweupe umepinda, nyuma kuna vimkia vyembamba kama uzi. Tofauti zao ni ndogo mno.

Binafsi, nawaegemea wanaomwita spishi kamili. Mlo wa aina moja, mlima mmoja! Halafu mioto ya 2003 na 2007 iliunguza sehemu kubwa ya misaiprasi ya mlima huo. Sheria ya Marekani inaweza kulinda hata nususpishi, kwa hiyo cheo chake kisiwe kisingizio cha kutomlinda.